Kasino zinazojificha nyuma ya bahasha

Kampuni ya soda ikitangaza zawadi chini ya kizibo, hakuna anayesema inachezesha kamari. Umenunua soda, umekunywa, bahati ni nyongeza tu. Kasino za droo za mtandaoni nchini Marekani zinajitetea kwa hoja hiyohiyo. Mchezaji ananunua "sarafu za dhahabu" zisizo na thamani yoyote nje ya mchezo, kisha anaongezewa "sarafu za droo" kama zawadi. Hizo za pili ndizo akishinda hubadilisha kuwa dola.

Majimbo mengi huitambua kamari kwa mambo matatu: zawadi, bahati na malipo. Mawili ya kwanza hayana ubishi hapa. La tatu linakwepwa kwa bahasha: yeyote anaweza kuandika ombi kwa mkono, akalituma kwa posta na kupewa sarafu za droo bila kununua chochote. Kwa hiyo, wanasema wenye kasino, hakuna malipo, na pasipo malipo hakuna kamari.

Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Ndiyo inayolinda promosheni za migahawa na magazeti, na sheria ikiandikwa ovyo itawanasa nao. Ila soda hunyweka. Sijui nani hununua sarafu za dhahabu kwa kuzipenda zenyewe.

Majimbo hayakujibu kwa sauti moja. Washington ilikuwa ngumu tangu zamani: mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya Big Fish Casino, mchezo wa kasino wa mtandaoni, ilisema kwa sheria ya jimbo hilo hata chipsi za mtandaoni zina thamani, kwa sababu zinamwongezea mtu muda wa kucheza. Hapo hata sarafu za dhahabu haziko salama. Mwaka 2025 Montana ilipitisha sheria ya kuzipiga marufuku kasino hizi, zikafuata Connecticut, New Jersey, California na New York.

Louisiana ndiyo inayonivutia zaidi. Bunge la jimbo lilipitisha marufuku, Gavana Jeff Landry akaizuia kwa kura ya turufu. Hakuwa anazitetea kasino. Alisema sheria iliyopo inatosha. Muda mfupi baadaye bodi ya michezo ya kubahatisha ya jimbo ikazituma barua za kusitisha huduma kwa kampuni zaidi ya 40. Kama barua zinatosha, sheria mpya za kwingine zilikuwa za nini?

Sehemu ya jibu ni pesa. New Jersey ina kasino za mtandaoni zenye leseni tangu 2013. Zinalipa kodi, hazipokei walio chini ya miaka 21, na mchezaji aliyelemewa anaweza kuomba azuiwe. Asiye na leseni anawapunja wote hao, na mchezaji anayefungiwa kasino za droo huko ana pengine pa kucheza kihalali.

California ni habari nyingine. Haina kasino halali ya mtandaoni, na mwaka 2022 wapiga kura walikataa mapendekezo mawili ya kuruhusu kubashiri michezo. Marufuku iliyoanza Januari 2026 iliungwa mkono na makabila ya wenyeji asilia yenye kasino kubwa, huku baadhi ya makabila madogo, yaliyoona katika kasino za droo mlango wa mapato, yakipinga. Ni rahisi kusema wakubwa wamejenga ukuta kulinda shamba lao, na si uongo. Hata hivyo nia ya aliyejenga ukuta haimpi haki anayepita bila leseni.

Nayaunga mkono majimbo, basi, bila kuamini kwamba yote yanamlilia mchezaji. Nawasifu California kwa jambo moja: sheria yao inawabana pia wanaopitisha malipo, wanaotengeneza michezo na wanaoitangaza, ambao hawana bahasha ya kujifichia.