Vistari viwili vilivyogeuka kimoja: nyaraka za programu huria zifuate muundo mmoja?

Kijana ninayefanya naye kazi dukani, hapa Mwanjelwa jijini Mbeya, alikuwa anarudisha mafaili ya mteja kutoka kwenye diski ya akiba. Ni mwangalifu, kwa hiyo alitaka kwanza kujaribu tu. Programu ya rsync, ya kunakili mafaili, ina chaguo la --dry-run: inakuonyesha kitakachonakiliwa bila kunakili chochote. Amri aliitoa kwenye mwongozo wa PDF aliorushiwa WhatsApp. Akakopi, akapesti, akabonyeza. Likatokea lalamiko moja kwamba kuna faili halipatikani, kisha mafaili yakaanza kunakiliwa kweli. Kazi ya mteja ya wiki nzima ikafunikwa na ya zamani.

Nilipoikuza ile PDF ndipo nikaona. Vistari viwili vilikuwa vimegeuzwa kuwa kimoja kirefu, maana programu iliyoitengeneza ilidhani inarembesha maandishi. Kwa rsync, kistari kirefu si mwanzo wa chaguo, ni jina la faili kama majina mengine. Ikalitafuta, ikalikosa, ikalalamika, ikaendelea na mafaili iliyoyapata. Kosa la mwandishi lilikuwa dogo mno: aliiandika amri katikati ya aya kama maneno ya kawaida, badala ya kuitenga kama msimbo, yaani kuiwekea alama kwamba haya ni maandishi ya mashine, yasirembeshwe. Angeitenga, vistari visingeguswa. (Nami nina langu. Sikuwahi kumwambia kijana kwamba jaribio la kweli, kwa amri kama ile, linamaliza kwa kuandika DRY RUN chini kabisa.)

Kisa cha namna hii ndicho kinachowapa nguvu wanaodai nyaraka zote za programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha, zifuate muundo mmoja. Na mfano wao bora ni wa zamani: kurasa za man, yaani miongozo ya amri, zilizoanza kwenye mfumo wa kompyuta wa Unix mwaka 1971. Jina la programu, jinsi ya kuiita, maelezo, na kadhalika, kwa mpangilio uleule. Ukizoea ukurasa mmoja, wa pili haukupi shida. Debian, mfumo huria wa kuendesha kompyuta uliojengwa juu ya Linux, hata imeweka kwenye sera yake kwamba kila programu iwe na ukurasa wake. Kwa sisi wa huku faida ni kubwa kuliko anavyodhani mtu mwenye intaneti ya saa zote: kurasa hizo zimo ndani ya kompyuta yenyewe. Bando limekata, umeme umekatika, laptopu ina chaji ya nusu saa. Unaandika man rsync na unasoma. Tafsiri nayo inanufaika, kwa sababu vifaa vya kutafsiria hukata maandishi vipande kwa kufuata muundo, na muundo ukiyumba mtafsiri wa Kiswahili anapewa nusu sentensi.

Lakini wanaopinga si wavivu. Nyaraka za kiini cha Linux zilikuwa kwa miaka mingi zikitumia DocBook, muundo mkali wenye vitambulisho (alama kama <para>) kila kona. Kuanzia toleo la 4.8, mwaka 2016, wakaanza kuhamia reStructuredText, muundo mwepesi ambao unausoma hata ikiwa maandishi matupu. Sababu haikuwa ngumu kuelewa: anayejua kitu hana muda wa kupigana na vitambulisho, na nyaraka zisipoandikwa na anayejua, atabaki kuzibahatisha mwingine.

Markdown ya John Gruber, ya mwaka 2004, nayo ni njia nyepesi ya kupanga maandishi kwa alama chache; ilienea kwa sababu hiyohiyo: haikudai mengi. Na kwa kuwa haikudai mengi, kila mtu aliifasiri anavyotaka. Mwaka 2014 kina John MacFarlane na Jeff Atwood wakaleta vipimo kamili, yaani kanuni za jinsi ya kuiandika na kuisoma, wakaviita Standard Markdown. Gruber akalikataa jina hilo, nao wakalibadilisha kuwa CommonMark. GitHub, tovuti ambako miradi mingi ya programu huhifadhiwa, ikatoa vipimo vyake mwaka 2017, imevijenga juu ya CommonMark na kuongeza majedwali. Kwa hiyo ukiniambia "tutumie Markdown" nitakuuliza ipi.

Kuna na gharama isiyoonekana kwenye vipimo. Mwanafunzi mmoja wa Iringa ninayemfahamu aliona amri iliyokosewa kwenye mwongozo wa mradi fulani, akatuma marekebisho yake ya kwanza maishani. Majibu yote yalihusu herufi kubwa kwenye vichwa na nukta mwishoni mwa orodha. Hakuna aliyesema kama amri aliyoisahihisha ni sahihi. Hakurudi.

Huku nyanda za juu habari za vipimo si ngeni. Gunia la viazi likiwekewa kofia juu likawa lumbesa, mkulima wa Uporoto ndiye anayeumia, na sheria imelikataza. Naiunga mkono sheria hiyo. Ila gunia la kilo 100 kamili halikuambii kama viazi vya chini vimeoza. Nimesoma miongozo iliyopangwa kwa ustadi, kila kichwa mahali pake, ikieleza toleo ambalo halijulikani tena na mtu.

Kwa hiyo mimi ningekaza pale tu ambapo maandishi yanaingia kwenye mashine. Kila amri itengwe kama msimbo, bila mjadala, na toleo la programu litajwe juu kabisa. Urefu wa mistari, nukta na herufi kubwa, hayo yapewe programu iyarekebishe yenyewe kimyakimya, si kumrudishia binadamu kazi yake. Najua atakayesema hilo ni nusu sanifu. Ni kweli, na ile nusu nyingine sijaona ikiokoa faili la mtu.

Marekebisho ya ule mwongozo niliyatuma mwenyewe wiki iliyofuata: mstari mmoja, amri imetengwa. Mashine yao ya ukaguzi ikaukataa, kwa kuwa umezidi herufi 80. Naweza kuikata amri kwa mkwaju wa nyuma (\) na kuiendeleza mstari wa chini. Kisha kijana mwingine, mahali fulani, akopi mstari wa juu peke yake.