Chupa Inayorudi Dukani

Nilipokuwa mdogo, kutumwa soda kulikuwa na masharti. Ukienda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, bila chupa tupu, soda huondoki nayo. Utainywea palepale barazani, yeye akikutazama mpaka tone la mwisho. Wageni wakifika ghafla na nyumbani hakuna chupa, mama alilazimika kuacha hela ya chupa, anayorudishiwa chupa ikirudi, na hela hiyo hakuna aliyeisahau. Kreti ilikaa chini ya meza, chupa zimehesabiwa, na aliyevunja moja alijua ana kesi ya kujibu.

Miaka ile sikuona chupa za soda zimeziba mtaro wetu. Si kwamba watu wa wakati huo walikuwa wasafi kutuzidi. Chupa ilikuwa na bei yake, na bei hiyo iliwekwa na mwenye kiwanda kwa sababu alikuwa anaihitaji irudi.

Sasa soda nyingi, na karibu maji yote ya dukani, yanauzwa kwenye makopo ya plastiki. Ukishakunywa, kopo ni mzigo wako. Kiwanda kimeshapata chake. Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, nenda Jangwani ukatazame kinachoelea kwenye Mto Msimbazi. Nimewahi kuitika wito wa kampuni moja kwenda kusafisha ufukwe. Tulipewa fulana na kofia, tukaokota makopo asubuhi nzima, tukapiga picha. Wiki iliyofuata nilipita pale, makopo yamerudi kama vile hatukufika. Iliniuma sana, kwa sababu watu walijituma kweli, na lile zoezi halikugusa kitu chochote ndani ya kiwanda.

Kampuni ikiniambia inajali mazingira, swali langu ni moja: kifungashio chenu kikishatumika, kinarudi kwenu kwa njia gani?

Hili si jambo la kwenda kujifunza mbali. Mtungi wa gesi unapeleka mtupu, unachukua uliojaa. Nani amewahi kuona mtungi wa gesi umetupwa jalalani? Dumu kubwa la maji la ofisini linabadilishwa vilevile. Bia nyingi za hapa Tanzania mpaka leo zinauzwa kwenye chupa za kioo za mililita 500 zinazorudi kiwandani, zinaoshwa na kujazwa tena. Kama kiwanda cha bia kinaweza, kiwanda cha soda kinashindwa nini, tena soda ndiyo iliyotufundisha mtindo huo?

Najua hoja za upande wa pili, na zina uzito. Kioo kinakula mafuta ya lori. Kuosha chupa kunahitaji maji mengi ya moto na dawa kali. Soda inayojazwa Dar na kunywewa Dar, chupa ya kioo inalipa. Ikisafirishwa mpaka Kigoma, hesabu inaweza kugeuka. Basi huko plastiki ibaki, ila iwe na hela ya chupa kama zamani. Ujerumani wamefanya hivyo tangu 2003: kopo la plastiki la kutumika mara moja lina senti 25 za yuro, unazirudishiwa ukilipeleka dukani. Wao wana mashine za kupokelea. Sisi tuna Mangi kila mtaa, na tuna waokota makopo wanaotembea juani kutwa nzima kisha wanauza kwa kilo, kwa bei ya kusikitisha. Hiyo hela ya chupa ingewafikia wao kwanza.

Kuna mambo madogo pia. Mwaka 2021 Tanzania ilipiga marufuku lakiri za plastiki, yaani ule utando unaozungushwa kwenye vifuniko vya chupa, na maji yameendelea kuuzika. Mwaka 2022 Sprite iliacha chupa yake ya plastiki ya kijani huko Marekani ikahamia isiyo na rangi, maana plastiki ya rangi ni ngumu kurejelezwa kuwa chupa tena. Ni maamuzi ya mezani, kabla kopo halijafika kwa mnywaji.

Tatizo ni kuyaachia mapenzi ya kampuni. Mwaka huohuo wa 2022 Coca-Cola iliahidi kwamba ifikapo 2030, robo ya vinywaji vyake duniani vitauzwa kwenye vyombo vya kujazwa tena. Desemba 2024 ilitoa malengo mapya, na ahadi hiyo haimo. Ndiyo sababu nataka sheria. Kenya, kwa sheria yake ya taka ya 2022, imeshamtaja mzalishaji kuwa na wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumika. Kwetu nisingedai makubwa kwa kuanzia. Hela ya chupa iandikwe kwenye kila kopo la soda na la maji, na lori linaloshusha mzigo kwa Mangi lisiondoke bila kupakia makopo matupu yanayolisubiri pale.