Karafuu, muhogo na kidato cha sita: mifano ya karibu inafundisha uchumi kwa kiasi gani?

Mwanafunzi wa kidato cha tano wa Wete au Chake Chake anapofika kwenye mada ya soko lenye mnunuzi mmoja, soko hilo huwa ameshaliona kabla ya kulisoma. Karafuu za Pemba hununuliwa kisheria na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, peke yake. Bei hutangazwa, na anayezivusha usiku kwa mashua kuelekea pwani ya Kenya huhesabiwa kuwa mfanya magendo. Hata hivyo, kitabu anachosomea humfafanulia mada hiyo hiyo kwa mfano wa mgodi wa nchi ya mbali ulioajiri mji mzima. Swali linalozuka hapo si jipya, lakini visiwani kwetu lina uzito wake: je, uchumi wa sekondari ufundishwe kuanzia kwenye bei na matukio ambayo mwanafunzi anaishi nayo, au nadharia itangulie na mifano ibaki kuwa kitoweo tu?

Wanaotetea mifano ya karibu mara nyingi husema kwamba inamvutia mwanafunzi. Hiyo ndiyo hoja yao dhaifu kuliko zote, kwa sababu hata hadithi za majini zinavutia. Hoja yenye nguvu ni kwamba mwanafunzi anayeweza kuchora mistari ya mahitaji na ugavi bila kosa, na bado akashindwa kueleza kwa nini samaki hupanda bei bahari inapochafuka, hajauelewa mchoro wake, ameukariri. Malalamiko ya namna hii yamesikika hata kwenye vyuo vikubwa. Novemba 2011 wanafunzi wapatao 70 wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoka katika somo la utangulizi wa uchumi wakidai kwamba linaegemea upande mmoja, na huko Manchester wanafunzi walianzisha jumuiya yao kuhoji kwa nini masomo yanapita kando ya msukosuko wa fedha wa 2008. Mradi wa CORE wa kuandaa vitabu vipya vya uchumi, ulioongozwa na wachumi kama Wendy Carlin na Samuel Bowles, ulizaliwa katika mazingira hayo, nao huanza na matatizo halisi ya dunia ndipo ufike kwenye nadharia.

Kwa mwalimu wa Zanzibar, mfano tajiri kuliko yote pengine ni Ramadhani. Kila mtu anajua kwamba muhogo, majimbi, ndizi na nazi hupanda bei mwezi huo, na wengi huishia hapo. Lakini mwezi wa Ramadhani hufuata mwandamo, kwa hiyo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa jua. Mwaka 2010 funga ilianza Agosti. Mwaka 2024 ilianza Machi, masika yakikaribia. Mwaka 2026 imeangukia Februari, katika kiangazi. Maana yake ni kwamba mahitaji ya vyakula vya futari hupanda kwa tarehe inayojulikana mapema, huku ugavi ukiendelea kufuata mvua na majira yake bila kujali mfungo. Darasa likiwa na kumbukumbu za bei za miaka kadhaa, linaweza kuanza kutenganisha kupanda kunakotokana na walaji na kupanda kunakotokana na shamba. Hilo ni jambo ambalo watafiti hulitafuta kwa gharama kubwa, na hapa lipo kwenye masoko ya Mwanakwerekwe na Darajani bila malipo.

Mfano huo huo, hata hivyo, una mtego ambao haumo kitabuni. Muhogo huuzwa kwa mafungu. Fungu la shilingi 1,000 linaweza kubaki shilingi 1,000 tangu Shaaban hadi mkesha wa Idi, na kinachobadilika kikawa ni idadi na unene wa vipande vilivyopangwa juu ya gunia. Mkate wa boflo nao hupungua uzito kabla ya kupanda bei. Mwanafunzi aliyetumwa sokoni na daftari peke yake atarudi na jibu kwamba bei haikupanda, na atakuwa amesema kweli kwa alichokiandika. Aliyetumwa na daftari na mizani atarudi na somo zima la jinsi mfumuko wa bei unavyopimwa na kwa nini ni vigumu kuupima. Ninavyoona, kazi hii moja inazidi kurasa nyingi za maelezo, lakini inahitaji mwalimu anayejua mapema mtego uko wapi.

Hapo ndipo wanaosita wanapopata nafasi ya kusema, nao wasipuuzwe. Mifano ya maisha huja darasani ikiwa na maelezo yake tayari, na mara nyingi maelezo hayo si sahihi. Ukiuliza kwa nini ndizi zimepanda, jibu la haraka ni tamaa ya wafanyabiashara. Jibu hilo lina kipande cha ukweli, hasa kwa bidhaa zinazoagizwa na watu wachache, lakini halielezi kwa nini tamaa hiyo hiyo hupoa mara baada ya Idi. Mwalimu asipolivunja jibu hilo kwa subira, mfano wa karibu utakuwa umeimarisha dhana ambayo somo lilikusudiwa kuihoji. Mgodi wa nchi ya mbali, pamoja na ubaridi wake, haumkuti mwanafunzi na hukumu ameshaiweka mfukoni.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mada za uchumi wa taifa. Mfano unaokimbiliwa ni wa nyumba: baba asitumie kuliko anachopata, na serikali vivyo hivyo. Nyumba moja ya Jang'ombe ikibana matumizi, itaweka akiba. Nyumba zote zikibana kwa pamoja, maduka ya mtaa huo yatakosa wateja, wauzaji watapunguza wasaidizi wao, na akiba iliyotarajiwa huenda isionekane. Kinachofaa kwa mmoja hakiwi lazima kifae kwa wote, na mfano wa nyumba unalificha jambo hilo badala ya kulifunua. Zanzibar inaongeza ugumu wake. Mwanafunzi hufundishwa kwamba serikali hutofautiana na kaya kwa sababu ina benki kuu na sarafu yake, lakini Serikali ya Mapinduzi ina bajeti yake na baadhi ya kodi zake, ilhali shilingi inatolewa na Benki Kuu ya Tanzania, iliyofungua milango mwaka 1966. Kwa hiyo, katika jambo hili moja, serikali ya hapa inakaribiana na kaya kuliko ilivyo Serikali ya Muungano. Hayo ni maelezo marefu, na hayapatikani kwa kuchungulia dirishani. Yanataka nadharia itangulie.

Kuna pia mtihani. Wanafunzi wa michepuo yenye somo la uchumi hufanya mtihani wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo yote ya sokoni ni ya Kiswahili. Mwalimu anayetumia vipindi kadhaa kujadili fungu la muhogo atalazimika kutafuta muda mwingine wa kuyarudia hayo hayo kwa lugha na mpangilio ambao msahihishaji anautarajia. Sioni haki kumlaumu anayechagua njia fupi wakati skuli yake itapimwa kwa daraja za ufaulu.

Jambo la mwisho upande huu husemwa kwa sauti ya chini. Mfano wa karafuu ni mfano wa siasa. Serikali ilitangaza sera ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na swali la uchumi linakuja lenyewe: asilimia 20 iliyobaki inalipia nini? Upande mmoja utataja miche inayogawiwa bure, gharama za ununuzi na kinga dhidi ya bei kuporomoka. Upande mwingine utasema kwamba kama bei ingekuwa inaridhisha, magendo yasingekuwa na wateja. Zote ni hoja halali za darasani. Lakini mwalimu ni mtumishi wa umma, wanafunzi wake ni watoto wa wenye mikarafuu na wa wachumaji wanaolipwa kwa pishi, na kinachosemwa darasani asubuhi huwa kimeshafika barazani jioni.

Kwa kupima pande zote mbili, naona kwamba mgogoro umewekwa mahali pasipo pake. Swali la kama mifano iwe ya karibu au ya mbali ni dogo kuliko swali la kama tukio limeshapoa au bado linafuka moshi. Tukio lililokwisha lina matokeo yanayojulikana, halimtishi mtu, na bado linaweza kuwa la hapa hapa.

Chukua kimbunga cha Aprili 1872. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa ghala la karafuu. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, hivyo bei iliyopanda haikuweza kuleta karafuu mpya msimu uliofuata hata kama kila mtu angepanda siku ile ile. Hakuna mfano bora wa ugavi usioweza kuitikia bei kwa muda mfupi. Kisha mwalimu aende mbele karibu karne moja: Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipanda mikarafuu yake yenyewe kwa wingi, na katika miaka ya 1980 bei ya dunia ikaporomoka. Mwanafunzi aliyefuata visa hivyo viwili ataelewa kwa nini mnunuzi mmoja wa ndani ni nusu tu ya habari.

Au achukue giza la Unguja, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika kwa takriban miezi mitatu. Jenereta na mafuta vikawa bidhaa zinazokwenda pamoja, pampu za maji zikasimama, wauza samaki wakakosa barafu. Pemba wakati huo ilikuwa bado inatumia majenereta yake ya dizeli, kwani waya wa baharini kutoka Tanga uliiunganisha baadaye mwaka 2010. Darasa linapata visiwa viwili vyenye watu na biashara zinazofanana, kimoja kimepigwa na kingine kimesalimika, na linaweza kuulizwa ni mabadiliko gani yalitokana na umeme na yapi yangetokea kwa vyovyote. Wazazi walioishi wakati huo ni mashahidi wa kuhojiwa.

Habari ya leo nayo isifukuzwe, bali itumiwe kwa namna tofauti: kwa kukisia. Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, na bei za dunia zikapanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka mingi. Katika visiwa vinavyokula mchele mwingi wa kuagizwa, darasa la Agosti mwaka ule lingeweza kuandika lilichokitarajia kuhusu mchele wa mapembe, kuhusu mchele wa Mbeya na hata kuhusu muhogo, kisha likafungia karatasi kabatini. India ililegeza zuio hilo Septemba 2024. Karatasi zikifunguliwa wakati huo, mwanafunzi angejisahihisha mwenyewe kwa kutumia taarifa za bei zinazotolewa kila mwezi na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na mwalimu asingelazimika kusema ni nani wa kulaumiwa.

Mtihani hautabadilika kwa sababu ya makala kama hii, na mwalimu wa Micheweni mwenye darasa lililojaa hawezi kuandaa kazi ya aina hii kila wiki. Anachoweza ni kuchagua mada mbili au tatu kwa mwaka, zile ambazo wanafunzi hukosea kila mara kwenye mitihani ya majaribio, na kuzipa kisa kimoja cha hapa kilichokwisha, chenye takwimu. Mada za fedha na deni la taifa azifundishe kwa nadharia kwanza, hata kama zitakuwa kavu.