Nani Kakupa Ruhusa Kupita Hapo?

Jumapili usiku niliweka picha tatu kwenye kundi la familia. Ya kwanza mto Thames, ya pili kilima, ya tatu ndiyo iliyoleta maneno: nimesimama katikati ya shamba la shayiri, nimetoa meno yote nje, na nyuma yangu kijia kimenyooka mpaka kwenye miti. Binamu zangu walicheka viatu vyangu. Shangazi aliuliza kama nimekula. Ami yangu, ambaye hacheki wala haulizi habari za chakula, alituma sauti ya sekunde sita: "Mwanangu, hilo shamba ni la nani, na nani kakupa ruhusa kupita hapo?"

Swali hilo limenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa changu.

Goring na Streatley ni vijiji viwili vya kusini mwa England vinavyotazamana, mto katikati. Ukipanda treni Reading, unafika kabla chai haijapoa. Hapo ndipo Thames ulipovipasua vilima vya chaki, upande mmoja Chilterns na upande wa pili Berkshire Downs. Unavuka daraja, unapanda kilima cha Lardon Chase, unashika njia ya Ridgeway juu kwa juu, unateremkia Moulsford, kisha unarudi Streatley ukiambaa na mto. Simu yangu ilihesabu kilomita 13, pamoja na pale nilipopotea na kujifanya natazama ndege.

Maelezo niliyoyasoma kabla ya kwenda yanasema haya ni matembezi "ya wastani". Wastani wa nani? Lardon Chase haina salamu, inaanza tu. Nikiwa nimeshika magoti nahema, walinipita wazee wawili, mume na mke, kila mmoja na fimbo zake mbili. Walinisalimu kisha wakaongeza kuwa siku ni nzuri. Sikuwa na pumzi ya kuwabishia.

Juu pazuri, nakubali. Nyasi fupi, vipepeo wa buluu, mto chini umejikunja. Njia yenyewe ni nyeupe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na chaki iliyolowa inateleza kama sahani yenye mafuta. Ikikauka kwenye kiatu inaganda kama uji wa juzi. Ndani yake kuna mawe ya gumegume, meusi kama kioo ukiyavunja. Mimi mtoto wa pwani ya Kenya nimelelewa katika nyumba ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo nilipoijua asili ya chaki nilijihisi niko na jamaa: nayo ni bahari iliyokufa, mabaki ya viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho, waliozama na kurundikana enzi za dinosaria. Nilikaa juu ya bahari hiyo nikala mahamri ya jana. Mwewe wakazunguka juu yangu. Hawa waliwahi kumalizwa kabisa England, wakarudishwa Chilterns miaka ya 1990 kwa kuletwa kutoka Hispania. Watu husimama na kuwapiga picha. Bibi yangu angewapiga mawe kwa ajili ya vifaranga vyake.

Haya, tuje shambani.

Baada ya kuiacha Ridgeway, kijia kilinifikisha kwenye geti dogo, kibao kina mshale wa manjano, na mbele yangu shayiri imefika kiunoni. Katikati ya shayiri hiyo kulikuwa na njia, upana wake kama mikono ya mtu aliyejinyoosha kidogo, imekatwa safi kutoka geti mpaka geti. Nilisita. Pwani yetu imenifundisha kusita. Nikaingia hivyo hivyo, natembea katikati ya mstari kama mtu anayepimwa ulevi. Nusu ya shamba, gari la mwenye shamba likaja kwenye ukingo na kusimama. Moyo ukaanza. Mtu mweusi peke yake katikati ya shayiri ya mzungu, mfukoni ana mahamri. Nikaanza kupanga maneno: samahani, sikujua, nageuka sasa hivi. Mzee akatoa kichwa dirishani. "Ukifika kule, funga geti tafadhali. Kuna ng'ombe." Akaondoka.

Hakuniuliza jina. Hakuuliza natoka wapi, swali ambalo huku naulizwa hata nikinunua maziwa.

Ami, jibu ni hili: hakuna aliyenipa ruhusa, kwa sababu haihitajiki. Shamba ni lake, njia si yake. Sheria ya 1949 iliziamuru kaunti za England na Wales zichore kila njia ya miguu kwenye ramani rasmi, na ikishachorwa, shamba linaweza kuuzwa mara kumi na njia ikabaki palepale. Mkulima ana haki ya kulima juu ya njia inayokata shamba lake, lakini sheria ya 1990 inamtaka airudishe, kwa kawaida ndani ya siku 14, na isipungue mita moja kama upana wake haujaandikwa mahali. Ule usafi niliouona haukuwa ukarimu wa mzee. Alikuwa anatii.

Na kuna jambo moja lililoninyima usingizi. Kwa sheria yao, watu wakipita mahali miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuzuiwa na bila kuomba, njia huhesabiwa kuwa imeshatolewa kwa umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kwamba hakuwa na nia hiyo. Miaka 20! Ami, wewe umeipita njia ya dikoni, pale mitumbwi inapofikia ufuoni, tangu hujaota ndevu. Baba yako aliipita na makasia begani. Babu yake aliipita wakati hapajakuwa na Kenya. Kisha siku moja ukuta ukapanda, geti likawekwa, na askari, kijana wa mtaa wetu uliyemfundisha kuogelea, akakwambia samahani mzee, hii sasa ni ya wageni, zunguka. Kuzunguka ni saa nzima na samaki wanaharibika. Njia yetu haikuwamo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Mashamba ya pwani yalianza kuandikiwa hati chini ya sheria ya mwaka 1908, na wenye hati wamekuwa wakiuziana tangu hapo. Nyayo hazina hati.

Kinachokera zaidi ni kwamba Katiba yetu ya 2010 inasema ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Vizuri sana. Ufuo ni wetu sote. Tutafika kwa kuruka? Ni kama kupewa sinia la pilau chumbani na ufunguo akabaki nao mwingine. Wakubwa wakija kampeni hutukumbusha kwamba bahari ni urithi wetu, kisha msafara wao unapita kwenye geti lile lile na askari anapiga saluti.

Msinielewe vibaya, sijageuka kasisi wa Kiingereza. Haki hii haikutoka mbinguni. Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wa viwandani, walipanda mlima Kinder Scout kule Derbyshire bila idhini ya wenye ardhi, na watano wakatiwa jela. Mwaka huo huo serikali ya Waingereza hao hao ilikuwa inawatembeza wanaume wa Kenya na kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni. Na haki yenyewe ni nyembamba kama kile kijia: toka nje ya mstari, tayari wewe ni mvamizi. Ardhi ambayo mtu anaweza kuzurura atakavyo England ni kama asilimia 8 tu. Waskoti, kwa sheria yao ya 2003, wamewaacha mbali. Pale Moulsford penyewe njia ya mto inakatika. Zamani watu walivushwa kwa chombo hadi ng'ambo. Kivuko kimekufa, kwa hiyo nilitembea kando ya barabara ya magari, na mto uko nyuma ya bustani za matajiri. Tena hawa ni watu wanaookota kinyesi cha mbwa, wakakifunga mfukoni vizuri, kisha wakakitundika mtini kama zawadi ya Idi.

Lakini wameandika njia zao. Hilo siwezi kuwanyima.

Nilimtumia Ami sauti ya dakika saba, shikamoo mpaka kifungu cha sheria. Hakujibu siku mbili. Alhamisi akaniuliza jambo moja tu: na huko mtoni, mvuvi anaruhusiwa kushuka na kutupa mshipi?

Ikanibidi nimwambie ukweli. Mshipi unahitaji leseni, na kabla sijafika Streatley nilipita vibao vya vyama vya uvuvi vilivyopigiliwa ukingoni: wanachama tu.

Sekunde tatu, na nyuma yake nikasikia mtu anapiga nyundo kwenye mtumbwi. "Kumbe na wao."