Mapigo Kumi ya Willie Mays

Mwishoni mwa Mei 2024, Josh Gibson alikuwa amelala kaburini miaka 77 alipoandikwa kuwa mpigaji mwenye wastani bora kuliko wote katika ligi kuu za besiboli za Marekani. Wastani wake ni 0.372. Aliyeshuka hadi nafasi ya pili ni Ty Cobb, mwenye 0.367, ambaye tangu astaafu mwaka 1928 hakuna aliyemsogeza. Kwa msomaji aliyezoea soka, hesabu yenyewe ni hii: katika kila zamu 1,000 za kushika gongo, Gibson angepata mapigo salama 372, yaani mara 372 aliupiga mpira na kufika kituoni kabla hajatolewa. Anayefikisha 300 anahesabiwa hodari.

Gibson hakuwahi kucheza hata mechi moja katika ligi za Wazungu. Alikuwa mdakaji wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords katika Ligi za Weusi, zile ambazo Wamarekani waliziita Negro Leagues, kwa sababu kuanzia miaka ya 1880 wenye klabu za ligi kuu walikuwa wamekubaliana kimyakimya kutosajili mtu Mweusi. Alifariki tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35. Jackie Robinson, Mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu tangu makubaliano yale, aliuvunja ukuta huo tarehe 15 Aprili mwaka huohuo. Hata miezi mitatu haikutimia.

Desemba 2020 uongozi wa besiboli ulitamka kwamba Ligi 7 za Weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zilikuwa na hadhi ya ligi kuu. Ilichukua miaka mingine mitatu na nusu kwa kamati iliyoongozwa na John Thorn, mwanahistoria rasmi wa ligi, kuziingiza takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 katika daftari moja na za akina Cobb na Babe Ruth, nyota wa ligi za Wazungu. Mbali na wastani wa maisha yote, Gibson alichukua pia ule wa msimu mmoja: 0.466 ya mwaka 1943, dhidi ya 0.440 ambayo Hugh Duffy alikuwa ameishikilia tangu 1894.

Kelele zilianza siku hiyohiyo. Wapo waliosema kwa chuki tu, na hao siwajibu. Wapo pia wapenzi wa mchezo, watu wanaokesha na takwimu, ambao hoja yao ni ya hesabu na inastahili kusikilizwa hadi mwisho. Wanasema hivi: Gibson ana mechi za ligi takriban 600 na zamu za gongo zaidi kidogo ya 2,000. Cobb alishika gongo zaidi ya mara 11,400 katika misimu 24. Ili kuingia kwenye orodha ya wastani bora, mchezaji wa ligi za Wazungu anatakiwa awe na zamu 5,000. Wa Ligi za Weusi amewekewa 1,800. Na yeyote anayejua hesabu anajua kwamba kadiri idadi inavyokuwa ndogo, ndivyo wastani unavyoweza kuruka juu au kuanguka chini. Msimu wa 1943 Gibson alicheza mechi takriban 70. Mpigaji anaweza kuwaka moto kwa mechi 70, kisha mechi 80 zilizobaki za msimu kamili wa ligi za Wazungu zikamrudisha duniani.

Hoja hiyo ni ya kweli, na sioni haja ya kuizunguka. Ningependa kila 0.372 ya Gibson iandikwe kando yake idadi ya zamu, wazi, ili msomaji apime mwenyewe.

Lakini wanaoisimamia hoja hiyo huisimamisha mahali pamoja tu. Wanazungumza kana kwamba daftari lilikuwa safi hadi 2024, na wino mchafu ukaingia na Weusi. Tulifungue basi.

Mwaka 1968 iliundwa kamati ya kuamua ligi zipi za zamani zihesabiwe kuwa kuu. Wajumbe wake walikuwa watano, wote Wazungu. Walizipitisha ligi sita, na Ligi za Weusi hawakuzijadili hata kuzikataa, hazikufika mezani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Miongoni mwa zilizopitishwa ni Union Association, ligi iliyoishi msimu mmoja tu, 1884. Klabu ya St. Louis ilishinda mechi 94 na kupoteza 19, kwa sababu mwenye ligi ndiye aliyekuwa pia mwenye klabu hiyo. Wilmington ilicheza mechi 18, ikashinda 2, ikavunjika. St. Paul ilicheza 9. Kila pigo la kila mchezaji wa klabu hizo ni pigo la ligi kuu hadi leo, na Fred Dunlap wa St. Louis ana wastani wake wa 0.412 kutoka msimu huo. Sijawahi kuona watu wakikosa usingizi kwa sababu ya Wilmington.

Huyo Cobb mwenyewe namba zake zina kasoro inayojulikana. Mwaka 1910 alikuwa akigombea taji la upigaji na Nap Lajoie, na watafiti walikuja kugundua kwamba mechi yake moja ya msimu huo iliandikwa mara mbili, ikampa mapigo mawili ambayo hakuyapiga. Habari ilichapishwa 1981. Kamishna wa besiboli wa wakati huo, Bowie Kuhn, alikataa kurekebisha. Ndiyo maana daftari rasmi linampa mapigo 4,191 na wastani wa 0.367, huku watafiti wakimpa 4,189 na 0.366. Miaka zaidi ya arobaini, kosa linajulikana na limeachwa likae.

Ufupi wa msimu nao tumekwisha kuupokea. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, kila klabu ilipangiwa mechi 60. DJ LeMahieu alitwaa taji la upigaji la American League, moja ya ligi kuu mbili za leo (nyingine ni National League), kwa mechi 50, na ni taji kamili. Thorn mwenyewe alieleza kwamba msimu ule ndio uliowafanya wajiulize: kama mechi 60 zinatosha kwetu, kwa nini zisiwatoshe wao?

Na tuulize kwa nini misimu yao ilikuwa mifupi. Klabu za Weusi zilikodi viwanja vya klabu za Wazungu, zikivitumia wakati klabu hizo za Wazungu zimesafiri. Mapato ya mechi za ligi hayakutosha mishahara, kwa hiyo katikati ya wiki walipanda basi kwenda mji hadi mji kucheza mechi za kirafiki na yeyote aliyekuwa na uwanja na watazamaji. Gibson alicheza mamia ya mechi za namna hiyo. Hazimo katika hesabu. Tunamwambia mtu kwamba alicheza mara chache, wakati wingi wa alichokicheza tumekiweka nje sisi wenyewe.

Hapa ndipo napata jibu kwa wanaosema kwamba namba hizi ni zawadi ya rambirambi. Bamba la Gibson katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli la Cooperstown, alikoingizwa 1972, linasema aliutoa mpira nje ya uwanja karibu mara 800. Kama kamati ingetaka kumfuta mtu machozi, namba hiyo ilikuwa tayari imechongwa, ya kumpita Ruth mwenye 714 na kumpita Barry Bonds, mwenye rekodi ya 762. Kamati ilimpa chini ya 200. Ilihesabu mechi za ligi tu, zile zenye ushahidi wa maandishi, nyingi zikitoka kwenye magazeti ya Weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, ambayo watafiti wa kujitolea waliyapekua ukurasa kwa ukurasa kwa miaka mingi. Mtoa sadaka hapunguzi mia sita.

Kuna pingamizi la upande mwingine linalonigusa zaidi kuliko lile la zamu 5,000. Baadhi ya waliozipenda Ligi za Weusi wanauliza kwa nini zihitaji muhuri wa taasisi ileile iliyozifungia mlango. Wanahofia pia kwamba kijana atakayesoma orodha hii miaka 30 ijayo, akakuta Gibson, Cobb na Ruth wamefuatana, atadhani walicheza pamoja. Hofu hiyo naielewa. Daftari likiunganishwa bila maelezo, ukuta wenyewe unaweza kupotea machoni. Hata hivyo, kumwacha Gibson nje ili ukuta ukumbukwe ni kumfanya alipe gharama ya somo letu, na amekwisha lipa vya kutosha.

Ninaporudia mjadala huu kichwani, ninayemfikiria mara nyingi kuliko Gibson ni Willie Mays. Alistaafu 1973 akiwa na mapigo salama 3,283. Sasa ana 3,293. Hayo kumi ni ya mwaka 1948, alipokuwa kijana wa miaka 17 katika Birmingham Black Barons, uwanja wao ukiwa Rickwood Field. Mapigo kumi hayabadilishi nafasi ya mtu aliyepiga zaidi ya elfu tatu, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeyapigia kelele. Lakini mpigaji ni yuleyule. Mikono ni ileile iliyowasumbua warushaji wa National League kuanzia 1951. Kwa miaka 76 mapigo yale yalikuwa yametokea na hayakutokea. Anayesema Ligi za Weusi hazikuwa na kiwango anieleze ni siku gani hasa Mays alipata kiwango: alipovaa jezi ya Giants, klabu yake ya ligi kuu?

Mays alifariki tarehe 18 Juni 2024, akiwa na miaka 93, wiki tatu baada ya mapigo yake kumi kuandikwa. Siku mbili baadaye Giants na Cardinals walicheza Rickwood mechi iliyokuwa imepangwa kwa heshima yake.

Kama daftari hili bado lina dosari, mimi naiona kwenye mwaka wa kuishia. Kamati ilikomea 1948, kwa hoja kwamba baada ya Robinson vipaji vilihamia ligi kuu na Ligi za Weusi zikadhoofika. Kudhoofika zilidhoofika. Ila mwisho wa 1948, kati ya klabu 16 za ligi kuu, tatu tu ndizo zilizokuwa zimewahi kumchezesha Mweusi. Boston Red Sox hawakufanya hivyo hadi 1959. Mwaka 1949 Mays alikuwa na miaka 18, bado yuko na Black Barons, uwanja uleule wa Rickwood. Mapigo yake ya msimu huo hayamo.