Niliandika ninachoweza, siyo ninachofikiri

Muhula uliopita nilisahihisha insha moja ya Kiingereza kuhusu bodaboda. Mada tulikuwa tumeichagua pamoja kwenye semina: je, bodaboda wazuiwe kuingia katikati ya jiji la Dar es Salaam? Binti wa mwaka wa kwanza alijaza kurasa mbili akisema ndiyo, wazuiwe, kwa sababu wanasababisha ajali. Sababu yake ya pili ilikuwa ajali. Ya tatu ajali tena, kwa maneno mengine. Nikapiga mistari myekundu penye makosa ya sarufi, nikampa 9 kati ya 20, nikashika insha iliyofuata.

Siku mbili baadaye nikamkuta kantini anabishana na wenzake juu ya mada ileile, chai imempoa mezani. Kaka yake anaendesha bodaboda Mbagala. Anasema ajali anazozijua yeye hutokea usiku, kwenye barabara za pembezoni zisizo na taa, siyo Posta, katikati ya jiji, saa nne asubuhi ambako foleni haimpi mtu nafasi ya kukimbia. Sasa ukiwazuia kuingia mjini umepunguza ajali gani? Umepunguza kipato tu. Mwenzake akamkatisha: mjini wanagonga watembea kwa miguu. Binti akatulia kidogo, kisha akasema, "Hapo sawa, nakubali. Ila hiyo ni hoja ya kuwapangia njia na vituo, siyo ya kuwafukuza."

Nilisimama na sahani yangu mkononi. Binti alikuwa na dai, ana ushahidi, amesikiliza pingamizi, amekubali sehemu yake yenye ukweli na akaonyesha mipaka yake. Hayo ndiyo ninayolipwa kuyafundisha. Nikamuuliza mbona kwenye insha ameandika kinyume chake. Akaniamkia kwanza, kisha akajibu taratibu: "Madam, kwenye insha niliandika ninachoweza kuandika, siyo ninachofikiri."

Jibu lile sijalisahau. Nafundisha stadi za mawasiliano kwa Kiingereza, kozi ya lazima kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa miaka mingi tumekuwa tukiambizana kwenye ofisi za walimu kwamba vijana wa siku hizi hawajui kujenga hoja. Wanajua. Nenda kijiweni wanapojadili usajili wa Simba na Yanga, utasikia mtu akidai takwimu, mwingine akimwambia mwenzake "usiniletee habari ya mwaka juzi, tunazungumzia kikosi cha sasa". Fikra tunduizi, zile za kuhoji na kupima jambo, wanazo. Zinakwama mlangoni mwa darasa la Kiingereza, na sisi wenye kalamu nyekundu ndio tumesimama pale mlangoni.

Mwanafunzi anafika chuoni akiwa na mazoea aliyojengewa na mitihani: utangulizi, hoja sita, hitimisho. "Zifuatazo ni faida za…" Kila hoja ina aya yake na haijuani na jirani yake. Ukizipanga upya hakuna kinachoharibika, na hiyo ndiyo dalili kwamba ulichoandika ni orodha. Simlaumu mwalimu wa sekondari mwenye mikondo minne na silabasi ya kumaliza kabla ya Novemba. Lakini chuoni tunaendeleza yaleyale, tunawapa madesa, yaani notisi za masomo, yenye maana ya neno "hoja", wanayakariri, wanayarudisha kwenye karatasi ya mtihani.

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alipendekeza njia ya kuichambua hoja ambayo mpaka leo hutumika sana kwenye madarasa ya uandishi. Kwa ufupi: kuna dai, kuna ushahidi, na kati yake kuna kiungo, yaani sababu inayofanya ushahidi huu uthibitishe dai hili na siyo jingine. Kiungo hicho mara nyingi hakisemwi, kwa kuwa msemaji anadhani kila mtu anakijua. Ubaoni naandika dai upande mmoja, ushahidi upande wa pili, naacha nafasi tupu katikati. Kisha naikabidhi chaki. "Bodaboda wanasababisha ajali." "Wazuiwe kuingia mjini." Katikati pana nini? Anayepaswa kujaza pale lazima aseme kwamba ajali hizo zinatokea mjini, na kwamba kuzuia ndiyo dawa. Akishaandika hivyo kwa mkono wake, anaanza kujitilia shaka mwenyewe. Dakika zile ndizo ninazozipenda kuliko zote katika kazi hii.

Baada ya kantini nilibadilisha utaratibu. Dakika kumi za kwanza za semina tunabishana kwa Kiswahili. Kila mmoja anaandika dai lake, ushahidi wake na pingamizi moja kali analolihofia, kwa lugha yoyote. Baada ya hapo ndipo tunaanza kuyahamishia kwenye Kiingereza, tukitafuta sentensi pamoja. Kwenye alama 20 za insha, 12 ni za hoja na 8 za lugha. Awali nilidhani nagawa nusu kwa nusu, lakini nilipohesabu kwa haki alama nilizokuwa nakata, karibu zote zilikuwa za sarufi.

Wapo wenzangu wanaosema nawaharibia wanafunzi Kiingereza. Naielewa hofu yao, kwa maana Kiingereza ndicho watakachoulizwa kwenye usaili wa kazi. Ila mimi nilisoma sekondari ambako ukikutwa unazungumza Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka umnase mwingine, na nakumbuka vizuri kibao kile kilitufundisha nini. Kilitufundisha kunyamaza. Suala hili halijaanza jana: tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mjadala huo mkubwa siumalizi hapa. Nasema tu kwamba mtu hawezi kutetea kwa Kiingereza wazo ambalo hajawahi kuruhusiwa kulimaliza kwa lugha yoyote.

Na Kiingereza chenyewe hunufaika. Chukua neno "however". Wanafunzi wanalipenda, walipewa wakalikariri pamoja na "moreover" na "furthermore" kama urembo wa aya. Nawaambia kila ulipoliandika, weka "lakini" halafu soma kwa sauti. "Bodaboda husaidia kutoa ajira kwa vijana. Lakini huwasaidia vijana kupata kipato." Darasa linacheka, mwandishi mwenyewe anacheka, na neno lile halirudi tena bila kazi. "Therefore" tunaipima kwa "kwa hiyo". Sikio la Kiswahili linakamata upungufu ambao jicho la Kiingereza liliupita.

Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoweza kumwandikia mtu insha, ilipoanza kupatikana, Novemba 2022, insha zinazonijia zimekuwa safi mno. Kiingereza kimenyooka, aya zimelingana, na ukimwita mwenye insha umuulize "ulimaanisha nini hapa?" anaangalia chini. Kama bado tungekuwa tunatoa alama za sarufi tu, simu ingekuwa inafaulu mtihani kwa niaba ya mwanafunzi. Ndiyo maana sasa kila insha inatetewa kwa mdomo, dakika tano, mbele ya wenzake wanne ambao kazi yao ni kuuliza "kwa nini?"

Kigumu zaidi ni heshima. Vijana wetu wamelelewa kutombishia mkubwa, na malezi hayo siyadharau, nami nimelelewa hivyo. Shida inakuja pale jina la mkubwa linapofunga mjadala. Insha nyingi zinaanza na "Mwalimu Nyerere alisema", na ikishasemwa hivyo mwandishi anaona kazi imekwisha. Nyerere huyohuyo, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alitaka elimu imjengee kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa lisilomfaa. Huwasomea sehemu hiyo, kisha nawaomba watafute jambo moja ndani ya waraka huo ambalo hawakubaliani nalo. Kimya cha dakika ile ni kizito.

Methali nazo nilikuwa nazipiga marufuku. Mtu anaandika "haraka haraka haina baraka" kama ushahidi kwamba mradi usiharakishwe. Nami namjibu "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", tumetoka sare. Methali, nilisema, ni hitimisho la mtu mwingine. Ushahidi wako wewe uko wapi?

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye hata kujibu jina huitikia kwa sauti ya chini, alisimama. "Samahani madam, sikubaliani na ulichosema juu ya methali." Darasa zima liligeuka. Akaja ubaoni, akaandika dai kushoto na ushahidi kulia, kisha methali akaiweka katikati, kwenye ile nafasi tupu. Methali si ushahidi, alisema, hapo madam uko sahihi. Lakini ni kiungo ambacho wasikilizaji wameshakikubali. Mwenye kosa si aliyeitumia. Mwenye kosa ni yule asiyeonyesha kwamba jambo lililo mbele yetu ni la haraka haraka na siyo la chelewa chelewa, na hilo ndilo linalohitaji ushahidi.

Alisema nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza, mkono wenye chaki ukimtetemeka. Nikamwomba aiandike. Aliniletea Kiingereza cha ukurasa mmoja na nusu chenye makosa saba ya sarufi, na kwenye hoja nilimpa 12 kati ya 12. Jioni ile nilifungua madesa yangu, nikafuta aya ya methali, nikaandika ya kwake.