Amla: ikiwa na nguvu ya dawa, itumiwe kwa tahadhari ya dawa

Wanaoisifu amla wana hoja nzito. Tunda hili la kijani linaloelekea manjano limetumika katika tiba ya Ayurveda huko India kwa karne nyingi. Ni moja ya matunda matatu yanayosagwa pamoja kupata triphala, unga wa tiba wa Ayurveda, na ndilo kiungo kikuu cha chyawanprash, dawa tamu nzito kama jamu. Ukiling'ata bichi, mdomo mzima unashikwa na ukakasi. Ukakasi huo hutokana na tanini, kemikali za mimea zinazokausha mdomo, nazo ni sehemu kubwa ya sifa zake, ingawa matangazo hutaja vitamini C tu.

Vitamini C yenyewe ipo kwa wingi, lakini takwimu zinazosambazwa hutofautiana mno. Aina ya mti na ukomavu wa tunda huchangia, na zipo mbinu za upimaji ambazo huhesabu kemikali nyingine kana kwamba ni vitamini hiyo. Hata hivyo mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 100 kwa siku, kwa hiyo mashindano ya nani ana nyingi zaidi hayamsaidii mlaji.

Panapostahili mjadala ni kwenye lehemu (kolesteroli) na sukari ya damu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la India kwa wagonjwa 98 wenye mafuta mabaya kwenye damu. Waliopewa miligramu 500 za kiini kilichokamuliwa kutoka amla mara mbili kwa siku, kwa wiki 12, walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Yapo pia majaribio madogo yanayoashiria kwamba hushusha sukari. Nayachukulia kwa uzito, ila wagonjwa 98 ni wachache mno kumfanya mtu aache dawa alizoandikiwa.

Kinachonisumbua ni watu wanaosema kwa pumzi moja kwamba amla inashusha sukari na kwamba haiwezi kumdhuru yeyote kwa kuwa ni ya asili. Kama kweli inashusha sukari, basi anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, akiongeza unga wa amla anaweza kushukiwa na sukari hadi akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia. Vivyo hivyo kwa damu: kuna dalili kwamba amla hupunguza uwezo wa chembe sahani kugandisha damu. Anayetumia warfarini au aspirini, dawa zinazozuia damu kuganda, yuko hatarini kuvuja damu, na anayesubiri upasuaji hushauriwa kuiacha wiki mbili kabla. Mwenye historia ya mawe ya figo naye ajihadhari na dozi kubwa, maana vitamini C ikizidi mwilini hugeuka oksaleti, kemikali inayounda mawe hayo.

Halafu kuna kopo lenyewe la unga. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Hazikuwa za amla pekee, lakini unga wa amla huuzwa kwenye soko hilohilo, na macho hayaoni risasi ndani ya unga.

Kwa mtu mwenye afya, naona tunda lenyewe, moja au mawili kwa siku, linatosha. Lililopikwa kwa sukari lisihesabiwe kuwa tiba, hasa kwa mwenye kisukari. Mjamzito abaki kwenye kiasi cha chakula, aachane na vidonge. Na yeyote mwenye dawa za kila siku aende na kopo lake kwa daktari au mfamasia kabla ya kulifungua, asome naye kilichoandikwa, kisha wakubaliane ni lini sukari yake au ugandaji wa damu yake vitapimwa tena.